Kutoka Kwenye Chumvi

Alhamisi, tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Mawingu tangu alfajiri, na manyunyu yale yasiyomlowesha mtu wala kumwacha akauke.

Mama Hamira alifika kazini na mwavuli ambao hakuwa ameufungua. Mlinzi wa lango alikuwa ndani ya kibanda chake, miguu ameipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa ili soksi zisishike unyevu, akamkagua kama anavyomkagua kila siku, kwa jicho moja.

"Mama Hamira, mkate uko wapi?"

"Umeungua."

"Tena?"

"Jiko lenu bovu."

Hayo yalikuwa maamkizi yao kwa miaka mingi, na kuna siku ambazo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote hadi jioni, ukiondoa "ndiyo, Daktari" na "tayari, Daktari". Mlinzi ndiye aliyempa jina hilo, siku aliposikia kwamba yule mama wa chumba cha mwisho, ghorofa ya pili, anafuga hamira. "Anafuga? Kama kuku?" Wakamwambia ndiyo, kama kuku, ila hawa hawawiki. Tangu hapo jengo zima likamwita Mama Hamira, na jina la kwenye kitambulisho likabaki la kupokelea mshahara.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Meza ilikwenda kutoka mlangoni hadi dirishani. Juu yake hadubini iliyofunikwa mfuko wa nailoni, taa ya kuunguzia vijidudu, mashine ya kuzungusha chupa, na sinki lenye bomba linalodondoka hata ulikaze vipi. Kwenye kona kulikuwa na kabati la joto, ambalo lilinguruma kidogo, likanyamaza, likanguruma tena. Wafagiaji walisema wasingeweza kukaa humo peke yao siku nzima. Yeye alishazoea. Nyumbani kwake hata cha kunguruma hakikuwepo.

Hamira anayoijua mpika mkate ni vipunje vya kahawia ndani ya pakiti. Ukiitazama kwa hadubini unaona viduara vingi, na kila kiduara ni kiumbe kinachojitegemea: kinakula, kinakua, kinazaa. Kikishiba na joto likiwa la kufaa, kinaota uvimbe mdogo ubavuni. Uvimbe unanenepa, unajikata, unaondoka. Watu wa kazi hiyo humwita aliyezaa seli mama, na aliyeondoka seli binti. Na kila binti anapojitenga, anamwachia mama kovu la duara pale alipokuwa amejishikiza. Makovu hayo hayafutiki. Ukizitia rangi maalumu unayaona yanang'aa, na unamjua mama mzee kwa wingi wa makovu yake.

Daktari, mwenye utafiti, hakuwa na haja na hamira yenye raha. Yeye alitaka kujua hamira ikiteswa inafanya nini. Kwa hiyo kazi ya Mama Hamira ilikuwa kutesa na kuuguza. Chupa hii aipandishie joto, ile ainyime chakula, nyingine aitie chumvi, kisha aangalie kama zimeendelea kugawanyika au zimesimama.

Chumvi ndiyo aliyoijua zaidi. Ukiwatia kwenye mchuzi wao wa chakula wenye chumvi kali, maji yanawatoka mwilini, wananywea kama zabibu iliyokauka. Hapo hapo wanaacha kuzaa. Aliyekuwa na uvimbe ubavuni anakaa nao vivyo hivyo, hautoi wala haurudishi. Asiyejua atasema wamekufa, awamwage. Kumbe wako kazini: wanajijaza ndani kitu kizito chenye utamu, cha kuyazuia maji yasizidi kutoka, na wakishajaza cha kutosha wanaanza tena kugawanyika, humo humo kwenye chumvi, mdogo mdogo. Mama Hamira alikuwa na msemo wake kwa wageni wa kazi hiyo waliotaka kumwaga mapema: "Kunyamaza siyo kufa. Mpe mpaka asubuhi."

Msemo huo aliusema sana kazini. Nyumbani haukumsaidia.

Nyumbani, nyuma ya mlango wa chumba cha pili, kulikuwa na koti la kijivu limetundikwa msumarini, kifungo cha pili kutoka juu hakipo. Lilikuwa koti la binti yake. Mtoto wake wa pekee, aliyemlea tangu baba yake afariki, akamsomesha, akamsindikiza kituoni siku alipopata kazi kwenye duka la kuchapisha vitabu katika mji wa mbali. Kila wiki binti alipiga simu akasema, "Mama, niko salama." Kumbe duka lilikuwa limefungwa zamani, naye alikuwa akilala sakafuni kwa rafiki, akila mlo mmoja, akipiga simu kutoka barabarani ili mama asisikie kilio cha watoto wa huyo rafiki.

Aliporudi, mwezi wa pili ule, mama hakumtambua mpaka alipocheka. Alikuwa amekonda hadi pete imehamia kidole gumba.

Na mama akafanya ambavyo mama yeyote angefanya. Alinunua godoro jipya. Alipaka chumba rangi. Alimwita dada yake mkubwa, ambaye alikuja na masufuria na majirani, nyumba ikajaa hadi watu wakakalia ndoo. Alimpikia asubuhi, akampikia saa nne, akampikia mchana. Alimwuliza nani alimdhulumu, kwa nini hakusema, alilala wapi, alilala na nani chumba kimoja, na kifua je, kinauma? Alimpigia mtu wa posta amtafutie kazi, na mwenye duka la dawa, na mama wa kwaya. Haya yote kwa siku mbili. Siku ya tatu alirudi kutoka kazini akamkuta binti anafunga mfuko.

"Unaenda wapi?"

"Kwa rafiki yangu, ng'ambo ya reli."

"Kwani hapa umekosa nini?"

"Sijakosa kitu, mama."

"Sasa?"

"Nashindwa kupumua humu ndani."

"Nimekukosea nini mimi, zaidi ya kukufanyia wema?"

Binti akamtazama kama mtu anayetafuta neno lisiloumiza, asilione. "Mama, naomba unipishe," alisema. Akapita. Koti likabaki msumarini.

Tangu hapo kimya. Mama alipiga simu kila jioni, haikupokelewa. Alituma ujumbe mrefu, kisha mrefu zaidi. Mwishowe akaacha, akawaambia watu kwamba mwanawe yuko salama, maneno yale yale aliyokuwa akiambiwa yeye. Usiku alikula akiwa amesimama, kwa sababu meza ya watu wawili ilimcheka. Koti hakuligusa. Mara nyingi aliamka nia yake ikiwa kulifua, kulipiga pasi na kushona kifungo, kisha akaogopa kwamba likifuliwa litakuwa koti tu.

Basi Alhamisi hiyo, mezani kulikuwa na chupa yenye utepe mwekundu. Hamira ya chupa hiyo ilikuwa ya ukoo wa pekee: ilizaliwa bila mlango. Hamira nyingine, ukizitoa kwenye chumvi na kuzirudisha kwenye maji ya kawaida, hufungua mlango mdogo na kuutoa ule utamu waliojijazia, hivyo maji yakiingia yanakuta nafasi. Hawa hawana pa kuutolea. Kwenye taabu waliishi kama wenzao, wakazaa kama wenzao. Hatari yao ilikuwa siku ya kuokolewa. Kwa hiyo ilikuwepo kanuni: chupa ya utepe mwekundu huoshwa kwa maji ya chumvi, kisha chumvi hafifu, kisha hafifu zaidi, na katikati unawapumzisha. Mama Hamira ndiye aliyeubandika utepe.

Lakini mkono uliozoea hauulizi. Kwa miaka yote alikuwa ameosha hamira kwa maji safi. Alizungusha chupa kwenye mashine hadi hamira ikatua chini kama tope jeupe, akamwaga mchuzi wa chumvi, akanyoosha mkono bila kutazama, akachukua chupa kubwa ya maji matupu, akajaza, akatikisa taratibu kama anayebembeleza mtoto. Mawazo yake yalikuwa kwenye koti: kwamba unyevu huu wa mwezi wa sita unaweza kulitia ukungu.

Alipoweka tone chini ya hadubini ndipo akauona utepe.

Hakukuwa na viduara vilivyojaa. Kulikuwa na maganda. Vivuli vya viduara, vyeupe, vimepasuka, vinaelea katikati ya uchafu wa matumbo yao. Wachache walibaki wazima, pembeni, wameshikana. Aliona mama mmoja na uvimbe wa binti yake bado ubavuni, wote wawili wameachama. Bomba lilidondoka. Kabati likanguruma, likanyamaza. Aliendelea kutazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, jicho likitoa machozi kwa sababu ya kubana, au alijiambia ni hilo.

Alimwita Daktari. Daktari alikuwa kijana mpole wa umri ambao Mama Hamira angeweza kumzaa, mwenye tabia ya kula chakula cha mchana akitembea. Alikuja na kipande cha mkate mkononi, akakumbuka kwamba chakula hakiruhusiwi humo, akakiweka nje kwenye kidirisha cha ukumbini, akainama kwenye hadubini.

"Wote?"

"Karibu wote, Daktari."

"Umewaosha na nini, mama?"

"Maji matupu." Halafu, kama anayejitetea mbele ya hakimu, "Maji masafi kabisa. Nimeyachuja mwenyewe jana."

"Najua, mama. Yangekuwa mabaya, yenye chumvi, wangepona."

Akacheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Usijali. Wengine wako kwenye friza. Utawaamsha kesho. Mwaka jana mimi mwenyewe niliwafanya hivi hivi, sikukwambia kwa aibu."

"Daktari, wakati wanapasuka, wanakuwa wamefanya kosa gani?"

Lilikuwa swali la ajabu, na Daktari alilichukulia kwa uzito, kama alivyochukulia kila swali. "Hawajafanya kosa. Walijitengeneza waweze kuishi kwenye chumvi. Sisi tumewatoa kabla hawajajitengua."

"Na maji?"

"Maji hayana kosa pia. Ni mengi tu, kwa wakati mmoja."

Akatoka, akauchukua mkate wake kwenye kidirisha, akaenda nao akitembea. Mama Hamira alibaki ameketi. Kisha akamwaga maganda kwenye ndoo ya dawa, akaosha chupa, akaiinamisha ikauke, na mchana ule hakula.

Alitoka manyunyu yakiwa yamegeuka mvua ya kweli, akausahau mwavuli ofisini. Alikuwa anafungua mlango wa nyumba, nguo zimemshika mwilini, simu ilipolia mara moja, mlio wa ujumbe.

"Shikamoo mama. Kesho asubuhi nitapita kuchukua koti, baridi imezidi. Sitakaa."

Aliusoma akiwa amesimama kizingitini, mlango wazi, mvua inaingia. Alianza kuandika. Aliandika marahaba mwanangu, Mungu mkubwa, umekula, unaumwa, nimekosa usingizi tangu mwezi wa pili, nitakuandalia uji na mayai, chumba chako kiko tayari, mama yako mkubwa atafurahi. Kidole kilikuwa kinakwenda peke yake. Kilipofika kwenye "mama yako mkubwa" akasimama, akakitazama kile kidole, akaukumbuka ule mkono wa kazini uliochukua maji bila kuuliza. Akafuta yote. Akaandika, "Marahaba. Nitakuwepo." Akatuma kabla hajabadili nia.

Kosa lake lilikuwa kumpigia dada yake. Lakini mtu aliyekaa na kimya muda mrefu, habari ikimfikia, lazima imtoke mahali fulani.

"Anakuja?" dada mkubwa alipiga ukelele uliomfanya aiweke simu mbali na sikio. "Nilikwambia! Nilisema, mwana hata akipotea hukumbuka titi. Nakuja na sufuria kubwa. Na yule mama wa kwaya nimwambie?"

"Dada, usije."

"Nini?"

"Kesho usije."

"Mdogo wangu, mvua imekuingia kichwani? Mtoto anarudi, nisije?"

"Harudi. Anachukua koti."

"Koti ni kisingizio! Wewe umezaa mmoja hujui, mimi nimezaa sita. Mtoto akija unamshika! Unamfungia mlango, unamlisha, analia, mnalia wote, yanaisha."

"Tulishamlisha, dada. Ndiyo maana akaondoka."

Upande wa pili sauti ikashuka, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye simu ile.

"Kwa hiyo chakula changu ndicho kilichomfukuza mtoto."

"Sijasema chakula chako."

"Umesema. Haya. Mimi ni dada yako mkubwa tu, siyo mtu." Akakata.

Hilo nalo lilimwuma, maana dada alikuwa ndiye mtu pekee aliyepiga simu kwenye nyumba ile. Alikaa gizani kidogo kabla ya kuwasha taa. Kisha akaingia chumba cha pili. Alivuta shuka mpya kabatini, akazikunjua, akazikunja tena, akazirudisha. Alichukua koti, akalinusa, akatafuta kifungo kinachofanana kwenye kopo la biskuti alimoweka sindano, akakipata, akatunga uzi. Sindano ikafika kwenye kitambaa. Ni kifungo tu. Mama gani asiyeshona kifungo? Alikaa hivyo, sindano hewani, mpaka mkono ukachoka. Kisha akaichomeka sindano na uzi wake kwenye kipande cha sifongo, akaweka kifungo juu ya kopo, akalirudisha koti msumarini kama lilivyokuwa, na pengo lake.

Hakuwa na uhakika kama anafanya vizuri. Hamira huwekwa kwenye maji ya chumvi hafifu na mtu anayejua kipimo. Yeye hakupewa kipimo. Na huyu hakuwa na mwingine kwenye friza.

Ijumaa mvua ilikuwa imekata. Mama Hamira aliamka mapema, akachemsha chai, akaiweka kwenye chupa, kikombe kimoja mezani na kingine kwenye rafu, mahali ambapo mtu anayetaka ataona. Mlango akauacha wazi kiasi cha kupitisha bega. Halafu akatoka uani, akaanza kufua, kwa sababu mikono yake ilihitaji kitu cha kushika.

"Hodi."

"Karibu."

Binti aliingia. Alikuwa amenenepa kidogo. Pete imerudi kwenye kidole chake. Mama aliliona hilo mara moja, akaliinamia karai akasugua kola ambayo ilikuwa safi tayari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Koti liko pale pale."

Alisikia hatua zikienda chumbani. Alisikia koti likitoka msumarini. Kisha hatua hazikurudi upesi, na yeye akaziacha huko zilipo.

"Mama?"

"Naam."

"Hukushona kifungo."

"Sijashona."

Binti alisimama kwenye mlango wa uani, koti mkononi, akimtazama mgongo. "Wewe? Ukaacha pengo miezi yote hii?"

"Koti siyo langu."

Binti akacheka kwa pua, cheko fupi, la kushtukiza. "Mama mkubwa yuko wapi? Amejificha chini ya kitanda na sufuria?"

"Amenuna. Ananuna kwake."

"Umemkataza?"

Mama alikamua kola, akaitandaza kwenye kamba. Maswali yote ya mwezi wa pili yalikuwa nyuma ya meno yake, yamepanga foleni, na kila moja lilikuwa limevaa nguo nzuri. Unalala wapi. Unakula nini. Nani anakuuguza ukiugua.

"Una sindano?" binti aliuliza.

Mama akafuta mikono kwenye khanga, akaingia, akalisukuma kopo la biskuti hadi upande wa pili wa meza, kifungo kikiwa juu yake, bila kuketi.

Binti aliketi. Aliiona sindano imeshatungwa uzi, akaigeuza vidoleni. Akaanza kushona. Alishona vibaya, kama alivyoshona tangu utoto, uzi ukizunguka upande wa nje, na mama alirudi uani kufua kabla mkono wake haujanyooka wenyewe. Kutoka huko alisikia kizibo cha chupa ya chai kikifunguliwa. Hakusikia kikombe cha pili kikishushwa kutoka rafuni.

Binti alipomaliza alivaa koti ndani ya nyumba, akafunga vifungo vyote, akaja hadi mlangoni pa ua.

"Basi mimi naenda."

"Haya."

"Jumapili huwa upo?"

"Huwa nipo."

Binti alitikisa kichwa kukubali, akapita ndani, akashuka ngazi za mbele. Mama hakumsindikiza. Alisimama kwenye karai mpaka hatua zikaisha mtaani, kisha akaingia, akakuta nusu kikombe cha chai mezani, bado ya moto. Aliketi kwenye kiti cha pili, upande wa pili wa meza, akaimaliza, akaosha kikombe na kukirudisha. Akafunga mlango, akaenda kazini amechelewa, mara ya kwanza tangu watu wa jengo lile wakumbuke.

Mlinzi alimwona kutoka mbali. "Mama Hamira! Leo je, mkate uko wapi?"

"Bado," alisema. "Usifunguefungue jiko."

Akapanda ghorofa ya pili, akatoa kichupa chenye utepe mwekundu kwenye friza, akakishika mkononi mpaka barafu ikaachia. Kisha akapima chumvi.